Mashine za Kuazima

Kuomba kuna adabu yake, na kupewa kuna adabu yake. Lakini adabu ya kurudisha ni nzito kuliko zote mbili. Mtu akiazima jembe kwa jirani, jembe lenyewe humkumbusha kila asubuhi kwamba si lake. Limeegemea ukuta karibu na mlango, mpini wake umelainishwa na mkono wa mwingine, na mwenyewe akipita njiani jicho lake haliachi kulitazama. Kitu kinachoonekana hujidai chenyewe. Lakini kitu kisichokuwa na uzito wala kivuli chaweza kuazimwa leo kikasahauliwa kesho, na deni lake likakua gizani bila ya mdai wala mdaiwa kusikia hatua zake.

Kitu cha namna hiyo ni mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta iliyomo ndani ya kompyuta nyingine. Haina chuma chake wala waya wake. Kompyuta moja kubwa, yenye prosesa kadhaa, kumbukumbu pana na diski nyingi, huwekewa programu iitwayo haipavaiza, na kazi ya programu hiyo ni kugawa. Huigawa kompyuta moja ikawa kumi au hamsini. Kila fungu hupewa sehemu yake ya nguvu, na hujiona kuwa ni kompyuta kamili. Mfumo wa uendeshaji uliomo ndani ya fungu huamka, huhesabu prosesa zake, hupima kumbukumbu yake na kuifungua diski yake, na aghalabu hauna haja ya kujua kwamba vyote hivyo ni vya kupangiwa. Mfano wake ni nyumba ya vyumba sita katika mitaa ya pwani. Kila mpangaji ana ufunguo wake, kitanda chake na siri zake. Mmoja akivunja chungu, chakula cha mwingine hakimwagiki. Walakini wote wamefunikwa na paa moja, na wote huteka maji katika kisima kimoja cha uani.

Fikira hii si ya jana. Mwishoni mwa mwaka 1964, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kikundi cha wahandisi wa IBM kilichoongozwa na Robert Creasy kilianza kujenga mfumo ulioitwa CP-40. Zama hizo kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba na kumaliza hazina, na watu wengi waliingoja zamu wakiwa na kadi zilizotobolewa mikononi mwao. Katika mji huo huo, kwenye chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba watu kadhaa waweza kuitumia kompyuta moja pamoja kwa kugawana wakati wake. Kikundi cha Creasy kilikwenda hatua moja mbele. Badala ya kumpa kila mtu kipande cha wakati tu, kilimpa kila mtu mashine nzima ya kudhaniwa. Mfumo huo ulianza kutumika Januari 1967, nao uliweza kubeba mashine pepe 14 juu ya mashine moja ya chuma. Mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370, na jambo lililokuwa jaribio la chumba kimoja likawa bidhaa rasmi.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1974, wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, waliandika masharti matatu ya programu inayostahili kuitwa msimamizi wa mashine pepe. Sharti la kwanza, kazi iendeshwayo ndani ya mashine pepe itende sawasawa na itendavyo juu ya mashine halisi, isipokuwa tofauti za wakati na za kiasi cha mali iliyopo. Sharti la pili, sehemu kubwa ya amri zake itekelezwe na prosesa yenyewe moja kwa moja, pasipo msimamizi kuingia kati. Sharti la tatu, msimamizi asipoteze kamwe mamlaka juu ya mali zote. Mtu akiyasoma masharti haya kwa utulivu ataona kwamba hayahusu vyuma peke yake. Mgeni atendewe haki kama mwenyeji. Asiingiliwe katika shughuli zake za kila siku. Na mwenye nyumba asisahau kwamba nyumba ni yake. Mashine zimeweza kuyatimiza masharti yote matatu. Wanadamu wanaozisimamia mara kwa mara hulisahau la tatu, na husahau si kwa ubaya, bali kwa ukarimu.

Kwa muda mrefu kompyuta ndogo za mezani zilikuwa nje ya habari hii, kwa sababu prosesa zake zilikuwa na amri kadhaa zilizokataa kusimamiwa. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilitoa mwaka 1999 programu iliyozitafsiri amri hizo zilipokuwa zikipita, na mlango ukafunguka. Tangu mwaka 2005 watengenezaji wa prosesa wenyewe walianza kutia msaada wa kazi hiyo ndani ya vyuma vyao. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha mashine pepe kwa saa, na mwaka 2007 uwezo wa kuziendesha uliingizwa ndani ya Linux kwa jina la KVM. Basi mashine iliyokuwa ikiagizwa kwa meli na kungojwa kwa miezi ikawa jambo la dakika chache. Urahisi huo ni neema. Lakini neema isiyopimwa huzaa usahaulifu, na usahaulifu huzaa hasara.

Hakuna watu wenye haja ya mashine hizi kuliko waandishi wa programu. Mwandishi wa programu ni kama fundi wa dawa: hawezi kuijaribu dawa mpya juu ya mgonjwa wa kwanza aingiaye mlangoni. Ahitaji mahali pa kujengea, mahali pa kujaribia, na mahali pa tatu ambapo watu hutumia kazi iliyokamilika. Na mahali hapo patatu pasichanganyike. Ahitaji mashine changa, isiyo na kitu, ili aone kama programu yake huweza kusimama ugenini. Ahitaji mashine ya kuvunja. Kwa kompyuta za chuma haja hizi zingekuwa anasa ya matajiri. Kwa mashine pepe hata kikundi cha wanafunzi watano katika chuo cha nchi maskini chaweza kuwa na mashine kumi.

Katika chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki kilikuwako kikundi cha namna hiyo. Kiongozi wake alikuwa binti wa mwaka wa tatu, mwepesi wa kufahamu na mwenye ari ya kazi. Yeye na wenzake walikuwa wakiandika programu ya kukusanya maneno ya baharini: majina ya pepo, majina ya sehemu za jahazi na ngalawa, na majina ya kazi za mafundi wa vyombo. Walikwenda vijijini wakarekodi sauti za wazee tisa. Wazee hao walieleza mkuku ni nini na darumeti ni nini, tofauti ya matlai na umande, na kwa sababu gani fundi wa kalafati hapaswi kuharakishwa. Maneno mengi kati ya hayo yamo katika makamusi. Lakini kamusi husema foromali ni boriti ya kufungia tanga, ikanyamaza. Mzee hakunyamaza. Alieleza mti gani hufaa kwa foromali, hukatwa wakati gani, na siku ile foromali ilipokatika katikati ya mkondo nahodha alitoa amri gani.

Chuoni alikuwako pia mtunzaji wa mashine. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyependa kumwona kijana akiondoka ofisini kwake mikono mitupu. Maombi yalimfikia ukumbini, ngazini, na hata katika foleni ya chakula. “Mzee, naomba mashine.” “Ya kazi gani?” “Ya majaribio.” Naye aliitoa kabla ya saa ya adhuhuri. Daftari alikuwa nalo, lakini liliandikwa siku alizokuwa na nafasi, na siku hizo zilizidi kuwa chache. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtunzaji aliijua methali hiyo. Lakini kuijua methali si kuitii.

Binti kiongozi alipokwenda kuomba mashine kuu ya kikundi alitaka prosesa nane, kumbukumbu ya gigabaiti 32 na diski ya gigabaiti 500. Kazi yake ilihitaji prosesa mbili na gigabaiti nne. Hakuwa mlafi. Alikuwa amesikia kwa waliomtangulia kwamba ombi la kwanza hujibiwa upesi na ombi la pili huchelewa, kwa hiyo aliomba leo mahitaji ya miaka mitatu. Hofu ya namna hii ni ya kawaida, na kila mwenye nayo hudhani ni yake peke yake. Lakini wapangaji wote wakijaza mapipa usiku kwa kuhofu ukame, kisima hukauka kabla ya kiangazi kufika. Na zaidi ya hayo, wingi huo humdhuru mwombaji mwenyewe: mashine pepe yenye prosesa nyingi, juu ya kompyuta iliyojaa watu, yaweza kwenda polepole kuliko yenye chache, kwa kuwa yangoja prosesa nyingi za chuma zipate nafasi.

Mtunzaji alimpa yote aliyotaka. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu diski za mashine pepe hutolewa kwa ahadi. Gigabaiti 500 huandikwa katika ombi, lakini nafasi halisi hutwaliwa kidogo kidogo kwa kadiri mashine iandikavyo. Kwa hiyo mtu mwenye diski za gigabaiti 10,000 huweza kuahidi 20,000 na akalala usingizi, maadamu waahidiwa hawaji wote siku moja. Utaratibu huu si udanganyifu. Ni hekima, kama mwenye ahadi anakwenda kila asubuhi kukipima kisima. Hata kumbukumbu huendeshwa kwa busara ya jinsi hiyo. Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa VMware alieleza njia mbili za kuirudisha kumbukumbu iliyolala. Njia ya kwanza ni puto: programu ndogo hutiwa ndani ya mashine pepe, ikatuna kwa amri ya msimamizi, na mashine ikalazimika kuachilia kurasa isizozihitaji sana. Njia ya pili ni kodi: mashine inayoshika kumbukumbu bila ya kuitumia huhesabiwa gharama kubwa zaidi kwa kila ukurasa uliolala kuliko kwa ukurasa ufanyao kazi. Ni ajabu kuona kwamba mashine zimewekewa kodi ya kujilimbikizia, ilhali waombaji wake hawajawekewa hata swali.

Mwenzi mmoja katika kikundi kile alikuwa ameomba mashine yake ndogo, akaiita jaribio-3. Humo aliweka sauti zote za wazee kwa muda, ili azikate vipande vipande. Kila neno lilikatwa peke yake, sekunde mbili au tatu, likapelekwa katika mashine kuu ili msomaji akibonyeza neno asikie linavyotamkwa. Kazi hiyo ilikwenda vizuri. Mwenzi huyo akahitimu, akapata kazi katika mji mwingine, akaagwa kwa furaha. Hakuna aliyemwuliza sauti ndefu ziko wapi, kwa kuwa kila mmoja aliposikia neno likitamkwa katika mashine kuu alidhani ya kwamba yote yamo humo.

Kiongozi wa kikundi hakuwa mzembe katika kuhifadhi. Kila kabla ya badiliko kubwa alipiga picha ya mashine kuu, ile ambayo mafundi huiita snepshoti. Picha hiyo ni alama inayowekwa juu ya hali ya diski kwa wakati fulani. Baada ya alama, kila badiliko huandikwa katika faili jipya, na diski ya asili huachwa kama ilivyo. Mtu akiharibu, hurudi kwenye alama. Kwa saa chache au siku mbili jambo hili lina faida kubwa. Lakini faili jipya hukua kila mara programu iandikapo, na picha zikiachwa kwa miezi huweza kula nafasi kuliko mashine yenyewe. Tena picha hukaa juu ya diski zile zile. Diski zikiharibika, picha huharibika pamoja nazo. Kwa hiyo picha si nakala ya akiba, kama kivuli cha mtu kisivyokuwa mtu wa pili. Wahenga walisema akiba haiozi, na kikundi kiliamini hivyo. Kilikuwa na picha nane.

Muhula ulipokaribia mwisho mtunzaji aliamua kusafisha. Alizikuta mashine kumi na moja zisizokuwa na mwenyewe anayejulikana. Aliandika barua tatu kwa anwani zilizokuwa katika maombi, hakujibiwa. Basi alizizima bila ya kuzifuta, akajiwekea kanuni nzuri: zitakaa zimezimwa siku 30, na mwenye kulalamika atasikilizwa. Kanuni hiyo ni ya watu wenye hekima, kwa sababu mashine iliyozimwa yaweza kuwashwa, lakini iliyofutwa hairudi kwa majuto.

Siku ya kumi na mbili, saa nne ya usiku, simu yake ililia. Kisima kilikuwa kinakauka. Nafasi ya diski iliyobaki haikufika sehemu moja katika mia, na juu ya diski hizo hizo ilikaa mashine ya matokeo ya mitihani, ambayo usiku ule ilikuwa ikipokea alama za chuo kizima. Nafasi ikiisha kabisa, kila mashine inayotaka kuandika husimama, na nyingine huweza kuinuka na faili zilizovunjika. Aliziona picha nane za kikundi cha maneno ya baharini, akafahamu mara moja zilivyokuwa. Lakini kuziondoa picha si sawa na kuchoma karatasi. Mabadiliko yaliyomo katika faili zake hayana budi kuunganishwa na diski ya asili. Kazi hiyo yahitaji muda, na mashine ikiwa inaandika yaweza kuhitaji nafasi ya ziada pia. Muda ulikuwa mfupi, na nafasi ndiyo iliyokuwa haipo. Upande wa pili zilikuwako mashine kumi na moja zilizolala, zisizokuwa na mtu. Alizifuta. Mashine ya matokeo haikusimama hata dakika moja, na asubuhi hapana aliyejua kwamba usiku kulikuwa na hatari.

Jaribio-3 ilikuwa mojawapo ya hizo kumi na moja. Haikuwamo katika orodha ya nakala za akiba zinazochukuliwa kila usiku, kwa kuwa jina lake lilikuwa la jaribio, na majaribio hayawekewi akiba.

Wiki tatu zilipita. Profesa mmoja aliomba kusikia maelezo kamili ya mzee mmoja juu ya pepo za demani, na kikundi kilipotafuta sauti ndefu hakikuziona. Binti kiongozi alimpigia simu mwenzake aliyehitimu, akaambiwa zilipo. Ndipo alipokwenda ofisini kwa mtunzaji.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Keti.”

“Mzee, naomba tuwashiwe jaribio-3. Nasikia imezimwa.”

Mtunzaji hakutafuta maneno ya kuzunguka. “Haikuzimwa tu. Nimeifuta mimi mwenyewe.”

Binti alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, “Mzee, mbona hukutuuliza?”

“Niliuliza mara tatu. Niliuliza kwa anwani ya mtu aliyekwisha kuondoka.” Akaugeuza uso wa kompyuta upande wake, akamwonyesha orodha aliyoihifadhi tangu usiku ule. “Picha hizi nane ni zenu?”

“Ni zetu. Tulizipiga ili tusipoteze kitu.”

“Ndizo zilizokijaza chombo usiku ule.”

Ilimchukua binti kitambo kulitazama jambo hilo mpaka mwisho wake. Alichokilimbikiza kwa kuhofu hasara ndicho kilichosababisha hasara. “Basi kosa ni letu, Mzee?”

“La,” alisema mtunzaji. “Ninyi mliomba, nami nilitoa nisichokiandika. Kukipima kisima ni kazi yangu, si kazi ya mtekaji. Sina la kukurudishia. Ninalo la kukiri tu.”

Watu wengi wangetamani hapa apatikane mkosaji mmoja ili shauri limalizike. Lakini hasara nyingi za dunia hazina mkosaji mmoja. Mwenzi aliweka amana mahali pa kupita. Kikundi kikaridhika na kusikia neno bila ya kuuliza shina lake. Kiongozi akaomba zaidi ya haja na kudhani kivuli ni mtu. Mtunzaji akatoa bila ya kuandika. Kila mmoja aliacha mlango wake wazi kidogo, na hapana mlango mmoja kati ya hiyo ambao peke yake ungetosha kupitisha mwizi.

Kikundi kilirudi pwani. Wazee wanane walikubali kusema tena, wengine kwa furaha, mmoja kwa manung'uniko kwamba vijana wa siku hizi husikia mara mbili kinachotosha kusikiwa mara moja. Kisa cha pili si kile cha kwanza. Mzee aliyesimulia jana kwa kicheko leo alisimulia kwa haraka. Lakini elimu ilipatikana. Mzee wa tisa hakupatikana. Alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Katika mashine kuu vilibaki vipande 14 vya sauti yake, maneno 14 pasipo maelezo.

Tangu hapo mambo yalibadilika katika ofisi ile, na mabadiliko yake yafaa kutajwa kwa sababu ni ya busara ya kawaida, wala hayakuhitaji fedha. Ombi la mashine sasa huandikwa, nalo huuliza maswali matano. Mwenyewe ni nani, na akiondoka atakayerithi ni nani? Kazi yake ni nini? Itarudishwa lini? Kiasi gani kinatosha kwa mwezi huu, maadamu nyongeza itatolewa siku ile ile itakapoombwa? Na la mwisho: ndani yake kitakuwamo nini kisichoweza kutengenezwa upya? Swali la nne liliondoa hofu iliyokuwa ikiwafanya vijana waombe mara nne ya haja. Kwani mtu akiaminishwa kwamba mlango utafunguliwa kesho hana sababu ya kubeba mtungi mkubwa leo. Ahadi hiyo ya nyongeza mtunzaji aliitimiza kwa uaminifu, kwa kuwa alifahamu kwamba siku atakapoivunja mara moja, mapipa yatajazwa tena usiku.

Swali la tano ndilo lililobadilisha kazi yenyewe. Kikundi kilipolijibu kilitambua kwamba karibu kila kitu katika mashine zake huweza kutengenezwa upya. Mfumo wa uendeshaji hupakuliwa. Programu zao zimehifadhiwa pengine pamoja na historia ya kila mstari. Hata namna ya kuipanga mashine yaweza kuandikwa katika faili la maneno, na kompyuta ikalisoma na kuijenga mashine kutoka mwanzo mpaka mwisho. Waliandika faili hilo. Siku hizi mashine ya majaribio hujengwa Jumatatu na hufutwa Ijumaa, na hapana anayeilia. Kilichobaki kuwa cha thamani kilikuwa kidogo kuliko walivyodhani: sauti za wazee, na masahihisho yaliyofanywa kwa mkono wa mtu. Hivyo viliondolewa katika mashine za kuazima, vikawekewa nakala mbili, moja nje ya jengo. Na kila muhula mmoja wao hupewa kazi ya kuirudisha nakala hiyo juu ya mashine tupu na kusikiliza sauti moja tangu mwanzo hata mwisho. Kwani nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini, haijawa akiba.

Picha bado hupigwa kabla ya badiliko kubwa, lakini hufutwa kabla ya siku ya tatu. Mtunzaji naye hukipima kisima kila asubuhi kabla ya chai. Daftari lake limejaa, na mwishoni mwa kila mwezi huipeleka orodha ya mashine kwa wenyewe, naye huipeleka kwa watu walio hai katika kazi, si kwa anwani.

Huenda mtu akauliza kama yote haya hayatoki katika jambo dogo, maana chuo hakikuungua, matokeo ya mitihani yalisalimika, na maneno yenyewe hayakupotea. Ni kweli kwamba neno lilibaki. Msomaji akilibonyeza neno darumeti katika programu ile atasikia sauti ya mzee wa tisa ikilitamka kwa utulivu, kila silabi mahali pake. Mwisho wa kipande, mahali makasi yalipopita, husikika pumzi ikivutwa. Alikuwa anataka kueleza.

Mashine ya kuazima hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe huigawa kwa mwingine, na hapana aliyepungukiwa. Lakini alichokisema mtu mbele ya kijana aliyemsikiliza si cha kuazima. Ni amana, na amana haiwekwi mahali ambapo kila mtu ana ruhusa ya kupasafisha. Kikundi hakikuliondoa neno lile wala hakikuirekebisha sauti yake. Waliliacha na pumzi yake, na kila mwanafunzi mpya anayeingia katika kikundi hulisikia siku ya kwanza, kabla ya kuomba mashine.